Tanuri la kuni uani: matofali, udongo, na mahali pa kuvipata

Mimi ni mtu wa pwani ninayeishi Kachibora, mashariki mwa Kitale, kaunti ya Trans Nzoia. Jamaa zangu wa Mombasa na Malindi wakisikia nina tanuri la matofali nyuma ya nyumba, maswali huwa mengi kuliko majibu. Linagharimu nini? Fundi yuko wapi? Saruji mifuko mingapi? Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja, ili anayetaka kujenga kwake asianze na hasara.

Nianze na lile la saruji, maana ndilo linaloumiza watu. Saruji haiingii ndani ya tanuri. Huku Kachibora kuna jirani aliyemwita fundi wa nyumba, akajengewa kuba zuri, limepigwa plasta likang'aa. Mwezi haukwisha, vipande vya saruji vikaanza kuanguka juu ya mikate. Fundi hakuwa mwizi, ila alijenga tanuri kama anayejenga choo. Saruji hushika kwa sababu ya maji yaliyofungamana nayo, na moto ukizidi nyuzi 400 hivi maji hayo hutoka na saruji hurudi unga. Udongo hauna tabia hiyo. Kadiri unavyopata moto ndivyo unavyokaza. Kwa hivyo kazi hii inataka vitu vinne tu: tofali lililoiva, udongo wa kunata, mchanga wa mto, na subira ya kuacha vikauke. Pesa nyingi zinazopotea hupotea kwa kuongeza visivyohitajika.

Wala tanuri si jambo geni kwetu. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, na mkate wa mofa, wa unga wa mtama au mawele, umekuwa ukibandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo tangu enzi za mababu. Banadiri nao wana muufo wao, unaookwa vivyo hivyo. Na kila aliyewahi kupika mkate wa kumimina kwa makaa anajua siri ya kupalia, yaani moto chini na moto juu. Tanuri la kuba linafanya kazi hiyo bila wewe kuhangaika na koleo. Sakafu inatoa joto chini, kuba linarudisha joto juu.

Mahali na majira

Chagua pahali palipoinuka, maji yasipotuama, na upepo usipoingia moja kwa moja mlangoni. Lisipungue futi kumi kutoka ukuta wa nyumba. Kama una paa la makuti, usijenge karibu nalo kabisa. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa makuti yakidakwa na cheche inakuwaje. Paa la tanuri liwe la mabati, juu ya nguzo, na lazima liwepo, maana mvua ndiyo adui wa kwanza wa udongo. Tanuri lisijengwe ndani ya chumba. Moshi wa makaa unaua bila kunusika.

Majira mazuri ni kaskazi, Desemba hadi Machi. Hapa Trans Nzoia mahindi yanakuwa yameshavunwa, barabara za vumbi zinapitika, wachoma matofali wako kazini, na jua linakausha. Mvua ikianza Machi au Aprili, huku haitulii mpaka karibu Oktoba. Pwani nako masika yakiingia ukutani mwa tanuri bichi, itakulazimu kuanza upya.

Matofali

Ukitoka Kitale kuja Kachibora, au ukishuka upande wa Bungoma hadi Kimilili na Webuye, utaona marundo ya matofali kando ya njia, mengine yakifuka moshi. Ni udongo wa mabondeni uliokandwa, ukatiwa kwenye kalibu, ukaachwa ukauke majuma mawili matatu, kisha ukapangwa na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa. Ndani ya rundo moja matofali hayafanani. Ya nje hubaki mabichi, yana rangi ya kufifia na hukwaruzika kwa ukucha. Ya katikati huiva vizuri. Yaliyogusana na moto huwa meusi, yameng'aa kama kioo, na hayo pia hayafai ndani ya tanuri kwa sababu hupasuka joto likipanda na kushuka.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Gonganisha matofali mawili. Lililoiva hulia kama kikombe cha chuma, bichi hutoa sauti ya kufa. Likwaruze kwa msumari. Likitoa unga mwingi, liache. Mwisho, nunua moja, ulilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi liwe zima na kingo zake kali. Muuzaji anayekataa jaribio la tatu amekwisha kukupa jibu.

Watu huuliza kuhusu matofali maalumu ya viwandani yanayostahimili moto mkali. Yanapatikana Nairobi na ni ghali, na kwa mkate wa nyumbani hayahitajiki. Tofali la kawaida limechomwa kwa nyuzi 900 au zaidi, ilhali tanuri la mkate likipamba moto sana, tofali lake halifiki hata nusu yake kwa kitambo kirefu. Lililopita kwenye moto mkubwa haliogopi mdogo.

Kwa tanuri lenye upana wa futi tatu ndani, hesabu yangu ni hii: kitako matofali 500, sakafu 60, kuba 80, mlango na dohani 60. Jumla ni 700, nawe agiza 800 kwa ajili ya yatakayovunjika. Ukijenga kitako kwa mawe ya shambani, 300 yanatosha. Uliza pia kama kuna nyumba ya zamani inayobomolewa. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, na matofali ya majengo yao bado yanazunguka mikononi mwa watu. Ni mazuri ikiwa utayabandua saruji yote.

Bei sitaiandika kwa sababu inabadilika kwa mwezi na kwa umbali. Lakini fahamu kwamba gharama ya lori au ya mkokoteni inaweza kushinda ya matofali yenyewe. Ndiyo maana rundo lililo kilomita mbili, hata kama ni ghali kidogo, mara nyingi ni rahisi kuliko la bei nafuu lililo mbali.

Udongo na mchanga

Udongo mzuri kuliko wote niliotumia ni wa kichuguu. Mchwa wameshauchuja na kuusaga, unanata, na unastahimili moto. Wachoma matofali huutumia, na kina mama wa huku wanaosiriba meko yao nao pia huutafuta. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Wengi hufurahi kichuguu kiondoke. Usipopata kichuguu, chimba udongo mwekundu au wa manjano chini ya ile tabaka nyeusi ya juu inayoota majani. Udongo mweusi wa kinamasi, unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, usiuguse. Unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuba litakufuata.

Kujua udongo wako ulivyo, tia ngumi mbili ndani ya chupa, jaza maji, tikisa, uache siku nzima. Mchanga utalala chini, vumbi laini katikati, udongo wa kunata juu. Kisha changanya udongo na mchanga, sehemu moja kwa mbili au tatu, uliochekechwa wote, maji kidogo. Finyanga donge la ukubwa wa chungwa, lidondoshe kutoka kifuani. Likisambaratika, udongo haujatosha au maji yamepungua. Likibapa kama chapati, maji yamezidi. Likibaki donge lenye ufa mmoja mwembamba, umepata. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nasi huku tunakanda kiasi cha kazi ya siku moja tu.

Mchanga uwe wa mto, mkali, usio na tope. Kitale malori huupandisha kutoka nyanda za chini za Pokot Magharibi. Ukisugua mkononi, kiganja kisibaki na uchafu mwingi. Unahitaji kama toroli kumi: nne au tano za kutengenezea umbo la kuba, ambazo baadaye unazitoa na kuzitumia tena, na zilizobaki ni za kuchanganyia udongo na kutandika chini ya sakafu.

Kitako

Chimba msingi wa futi moja, upana futi tano kwa tano. Jaza mawe na murami, shindilia. Juu yake jenga kuta nne za unene wa tofali zima, kimo futi tatu, ili anayeoka asiiname. Hapa chini saruji unaweza kuitumia kwa amani, kwani moto haufiki. Katikati ya kuta jaza mawe na murami, ukishindilia kila nusu futi, na uache inchi saba kabla ya kufika juu.

Nguo ya chini

Inchi hizo saba ni sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama tanuri lako litakula kuni au litakula msitu. Joto la sakafu hushuka chini kama maji yanavyoshuka. Usipolizuia, unapasha moto tani za mawe badala ya mkate.

Ukingo huo hauuzwi dukani. Panga chupa tupu za kioo, zilizolala, zikigusana. Jaza nafasi kati yake na mchanganyiko wa uji wa udongo na unga wa mbao. Kitale na hata Kachibora karakana za mbao ni nyingi, na wenyewe hufurahi ukiwaondolea. Hewa iliyofungwa ndani ya chupa, na vishimo vinavyobaki unga wa mbao ukiungua, ndivyo vinavyozuia joto. Tabaka hili liwe kama inchi nne. Acha likauke siku chache, kisha juu yake tandaza inchi moja ya mchanga uliochekechwa, usawazishwe kwa pimamaji.

Sakafu na kuba

Matofali ya sakafu hulazwa makavu juu ya mchanga, bila udongo kati yake, yakibanana. Chagua yaliyonyooka kuliko yote. Anza katikati, gonga kila moja kwa mpini wa nyundo, na upitishe kiganja. Kingo inayojitokeza leo itakwaruza koleo lako kila siku. Tofali likipasuka miaka ijayo utaling'oa na kuweka jingine bila kubomoa.

Chora duara la futi tatu juu ya sakafu. Ndani ya duara hilo rundika mchanga wenye unyevu, uufinyange uwe nusu ya tufe, kimo inchi 18. Fimbo ya inchi 18 iliyosimamishwa katikati itakuonyesha ulipofika. Funika kwa magazeti yaliyolowa, ili baadaye ujue mchanga umeishia wapi.

Vunja matofali nusu kwa nusu. Yatumbukize majini kwanza, kwani tofali kavu hunyonya maji ya udongo na kuuacha bila nguvu. Yapange kuzunguka mchanga, uso mdogo ukitazama ndani. Kwa ndani matofali yagusane. Nafasi ya pembe tatu inayobaki nje ndiyo inayojazwa udongo na vigae. Kila mzunguko ulalie ndani kuliko uliotangulia, na kiungo cha chini kifunikwe na tofali la juu. Siku mbili zinatosha kwa watu wawili wasio na haraka.

Mlango una kipimo, na hiki usikichezee. Kimo chake kiwe karibu asilimia 63 ya kimo cha ndani ya kuba. Kuba la inchi 18 linataka mlango wa inchi 11 na kidogo. Ukiwa mrefu zaidi, joto linatoka. Ukiwa mfupi, moto unakosa pumzi na moshi unajaa. Upana inchi 18, upinde juu. Dohani isikae juu ya kuba. Ikae nje, mbele ya mlango, ili moshi utoke mlangoni kisha upande. Hivyo ukifunga mlango, umefunga tanuri lote.

Baada ya siku mbili, chota mchanga kwa mkono kupitia mlangoni, polepole. Ukifika kwenye magazeti, acha.

Nguo ya juu

Kuba likiwa uchi linapoteza joto kwa haraka. Livishe inchi nne za uji wa udongo uliochanganywa na unga wa mbao au majani makavu yaliyokatwakatwa. Likikauka, siriba kwa udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe, kama nyumba za huku zinavyosiribwa. Mwisho unaweza kupaka chokaa, ambayo sisi wa pwani tunaijua kuliko wao. Inapumua, inaacha mvuke utoke. Rangi ya mafuta hufunga maji ndani na kufanya udongo ubanduke.

Kukausha

Udongo mbichi una maji mengi kuliko unavyodhani. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, maji hayo yanakuwa mvuke ndani ya ukuta na kuupasua. Acha juma zima bila moto, kivulini, mlango wazi. Kisha washa vijiti vichache saa moja. Kesho ongeza kidogo. Endelea hivyo siku saba. Nyufa nyembamba kama unywele zitatokea, na si balaa. Zijaze kwa uji wa udongo. Ufa unaoingiza kidole ni dalili ya haraka au ya udongo mweusi.

Kuni: hapa ndipo pana maana

Nyuma ya Kachibora vimesimama vilima vya Cherangany, mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji vya nchi hii pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Mlima Elgon. Maji ya mto Nzoia yanaanzia huko. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na kila mpika mkate aliona bei ya kuni ilivyofanya. Kwa hivyo swali la kuni si la mfuko wako peke yake. Tanuri la matofali limekwisha kutumia miti hata kabla halijawashwa, kwa sababu matofali yenyewe yamechomwa kwa miti. Deni hilo hulipwa kwa kulitumia miaka mingi na kuni chache.

Huku mimi hutumia magunzi ya mahindi kwa kuwashia na kupandisha moto. Baada ya mavuno yako tele, na mengi huachwa yaoze. Kwa moto wa kukaa, matawi ya mkaratusi wa shambani, yaliyopasuliwa na kuanikwa miezi sita au zaidi. Kuni mbichi hutumia sehemu ya nguvu zake kuchemsha maji yake yenyewe na kukuachia moshi. Ukimaliza kuoka, tia kuni za kesho ndani ya tanuri lililopoa. Zitakauka kwa joto lililobaki. Mbao zenye rangi au dawa ya mchwa zisiingie, moshi wake unakaa kwenye mkate.

Kuoka

Washa moto katikati, usukume nyuma unapokua. Kuba litakuwa jeusi kwa masizi, na baada ya saa moja na nusu au mbili masizi yataungua na matofali yataonekana safi. Hiyo ndiyo alama. Toa makaa, pangusa sakafu kwa kitambaa kilicholowa kilichofungwa mtini, funga mlango dakika 15 hadi 20 ili joto lijigawe. Nyunyiza unga kidogo sakafuni. Ukiungua papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia polepole, ingiza.

Usioke kitu kimoja ukaacha joto lipotee bure. Kwanza mikate bapa kama ajemi, inayotaka joto kali. Kisha boflo, sakafu ya futi tatu inachukua kumi au kumi na mbili. Joto likishuka, mkate wa kumimina na mkate wa mayai. Halafu biskuti. Usiku, sufuria ya maharagwe iliyofunikwa, na asubuhi yameiva bila kijiti kingine.

Kitale ni kama mita 1,900 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Usiku wa baridi unga huchelewa kuumuka, basi ufunike karibu na tanuri. Mombasa ni kinyume: unga huumuka ukiwa umegeuza kisogo, punguza hamira.

Kwa walio pwani

Mambo manne yabadilishe. Kwanza, jiwe la matumbawe lisiingie ndani ya tanuri. Ni zuri kwa kitako, lakini kwenye moto sisi wenyewe ndio tunajua linavyofanya: chokaa yetu hupatikana kwa kulichoma hilo hilo. Hata lisipofika kuwa chokaa, unyevu uliomo hulirusha vipande.

Pili, mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Tafuta wa mto, kama ule wa Sabaki.

Tatu, matofali ya kuchoma si bidhaa ya kila mtaa pwani. Uliza bei mlangoni kwako, si bei ya rundo, ndipo uamue. Ukikosa kabisa, tanuri linaweza kujengwa kwa udongo mtupu kwa ramani hii hii. Kuba liwe la udongo na mchanga, unene inchi nne, na sakafu peke yake ndiyo iwe ya matofali. Huo ndio ukoo wa tanuri la mofa.

Nne, kuni. Mvinje unaungua vizuri na hukua upesi, matawi ya mkorosho yaliyopogolewa ni mazuri, na vifuu na makumbi ni ya bure. Mikoko iacheni. Kuikata bila kibali ni kosa, na ndiyo malezi ya samaki na kamba tunaowala.

Ukitaka kuuza

Tanuri la ukubwa huu linaweza kulisha mtaa, hasa Ramadhani watu wanapotafuta mikate jioni. Kabla ya kuuza, pitia ofisi ya kaunti upate leseni ya biashara na cheti cha afya cha mshika chakula. Mkate ukifungwa na kuwekwa jina kwa ajili ya maduka, utahitaji alama ya ubora ya KEBS. Anza na wateja wachache wa karibu, andika kila siku kuni na unga vilivyotumika, na baada ya mwezi daftari litakwambia kama ni biashara au ni mapenzi ya mkate.

Anayetaka kuanza asianze na fundi wala lori. Achukue chupa, udongo wa uani kwake na maji, atikise leo, aangalie kesho. Udongo ukikubali, vitu vingine vyote vinatafutika.